Kifaa cha Picha Kimeondolewa

Jumanne, 24 Machi

Idd imepita, wageni wamekwisha, na mashine imeanza vituko. Asubuhi nilikuwa nimeufungua mchezo wetu ndani ya programu ya kuundia michezo. Mtoto wetu wa kwenye skrini amejitwika sinia la futari, anakata kona ya uchochoro wa pili, mara skrini ikawa nyeusi. Iliporudi, programu ilikuwa imejifunga na kuniachia ujumbe wa Kiingereza ambao kwa lugha ya watu unasema: kifaa cha picha kimeondolewa.

Kimeondolewa na nani? Niliinama chini ya meza nikachungulia. Kipo. Kadi ya picha, ile inayochora kila ukionacho kwenye skrini, imekaa pale pale alipoipachika Mikdad mwezi wa pili.

Naandika humu nipate pa kusemea, maana Shangazi Kibibi nikimweleza ananiambia nile kwanza. Pia nisije nikajidanganya kuhusu tarehe. Mchezo unatakiwa kwa Nasrin, Dar es Salaam, Ijumaa ya tarehe 15 Mei. Nasrin ana kampuni inayotoa michezo. Akiupenda, mimi na Mikdad tumepata kazi. Asipoupenda, au usipofunguka mbele yake, narudi Lugoba kufundisha kompyuta darasani. Mwalimu mkuu amenishikia nafasi hadi mwisho wa Mei, na Shangazi, aliyenipa chumba cha uani kwa mwaka mmoja bila kinyongo, ameshasema mwaka ni mwaka.

Jumatano, 25 Machi

Imezima mara tatu. Nimepima joto la kadi: nyuzi arobaini na moja, la kawaida kabisa. Joto nimelifuta kwenye orodha ya washukiwa.

Alhamisi, 26 Machi

Mara mbili. Nyumba nzima inanukia udi, kama kila Alhamisi. Hilo angalau ni zuri.

Jumamosi, 28 Machi

Nimebadilisha draiva, ile programu ndogo inayoifanya kompyuta na kadi zielewane. Niliweka mpya, ikazima. Nikarudisha ya zamani, ikazima. Nikaweka ya zamani kuliko ya zamani, herufi zikawa kubwa kama za ubao wa darasa la kwanza, kisha ikazima. Mtandaoni kila mtu ana dawa yake na anaapa imemponya. Mmoja anasema zima hiki, mwingine anasema washa hicho hicho. Nimewatii wote. Adhuhuri masika yameshuka rasmi, na bati la uani lilipiga kelele hata sikuyasikia matusi yangu mwenyewe.

Jumanne, 31 Machi

Mikdad amekuja kutoka Kaole kwa baiskeli, viatu shingoni, tope hadi magotini. Huyu nimesoma naye tangu darasa la kwanza na sijawahi kumwona akifanya haraka. Mchezo ni wazo langu na hesabu zangu, lakini ukiufungua unachokiona ni chake: vichochoro vya Mji Mkongwe wetu wa hapa, kila mlango umechorwa kwa mkono baada ya yeye kusimama mbele yake na daftari. Mchezaji ni mtoto anayepeleka futari kwa majirani. Lazima afike kabla ya adhana ya magharibi na uji usimwagike. Kuna paka, kuna mbuzi, kuna madimbwi, na kuna kina mama wanaokuita barazani ili uwaamkie mmoja mmoja huku jua linazama. Usipowaamkia unapoteza pointi. Hilo lilikuwa wazo lake.

Nilimwambia picha zake ni nzito, zinaichosha kadi. Akauliza zipungue kiasi gani. Nusu. Akasema misumari ya mlango wa tatu haitaonekana. Nikamwambia isionekane. Alikaa sakafuni na kompyuta yake ndogo hadi alasiri akizipunguza moja moja, bila kulalamika. Tulipofungua, mchezo ulikwenda dakika ishirini, tukapeana mikono. Ya ishirini na moja, kifaa kimeondolewa.

Shangazi aliingia na sahani ya vitumbua akaziona nyuso zetu. Akasema ni jicho. Siku ya Idd watu walijaa humu kutazama watoto wanaotembea ndani ya kioo, na hakuna hata mmoja aliyesema mashallah. Alitaka aifukize mashine kama anavyofukiza nguo. Nilicheka. Nikamwambia, Shangazi, hii ni mashine, si kanzu.

Ijumaa, 3 Aprili

Mara nne. Sisimizi wameingia chumbani. Kwa kawaida mvua huwaleta.

Jumatatu, 6 Aprili

Leo mshukiwa alikuwa umeme. Nimeazima stebilaiza ya friji la Shangazi, naye hakubali kabisa friji lichomekwe ukutani bila hiyo. Kwa hiyo friji lilizimwa tangu asubuhi hadi jioni, na mashine ikazima mara sita. Samaki wameharibika. Tumekula wali na mchicha.

Alhamisi, 9 Aprili

Nasrin amepiga simu. Sauti yake ni ya mtu mwenye ofisi yenye kiyoyozi. Nilimwambia kila kitu kinakwenda vizuri. Wakati namwambia hivyo skrini mbele yangu ilikuwa nyeusi.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimeilaumu bahari. Hewa ya huku ina chumvi, chumvi hula chuma, na mimi nimeweka chuma cha thamani hatua mia tatu kutoka majini. Nimesugua ncha za waya zote kwa kifutio cha penseli. Ilikwenda dakika kumi na moja.

Alhamisi, 16 Aprili

Nilikwenda Kaole kuona michoro ya uchochoro wa nane, ambao ndio wa mwisho. Mzuri mno. Bado nusu. Nimerudi saa kumi nikakuta chumba kinanukia kuliko duka la manukato, na sisimizi wamepanga foleni kutoka mguu wa meza hadi ndani ya sanduku la mashine. Nimewapulizia dawa. Sijui wanafuata nini kwenye chuma. Mara saba leo, na sasa hata uchochoro wa kwanza haumaliziki.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimeibeba mashine hadi kwa Fundi Bwanausi karibu na stendi, imefungwa nailoni kwa ajili ya mvua. Ananiita Mwalimu tangu nilipokuwa Lugoba, na hadi leo hajaacha. Alitaka kuanza na joto. Nikamwambia joto nimeshapima, asinipotezee muda, tuangalie kadi yenyewe. Akashusha pumzi, akaichomoa, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akanionyesha pembeni, pale vipande vyembamba vya chuma vilivyopangwa. Vyote vilikuwa na rangi ya chai.

Kadi mpya haina rangi hii, akasema. Hii imefanya kazi miaka, mahali pabaya, ndipo ikasafishwa kidogo na kuuzwa. Akauliza nani aliyeninunulia.

Nilimtajia. Naye anamfahamu, akasema Mikdad ni kijana mwema. Nikajibu kwamba sikuuliza wema wake.

Jumanne, 21 Aprili

Sijafanya kitu. Nimefikiri tu, na kila ninachokikumbuka kinanithibitishia. Alikwenda Kariakoo peke yake. Alichelewa siku mbili kurudi. Lilikuwepo boksi, ni kweli, lakini maboksi yanauzwa.

Jumatano, 22 Aprili

Nimekwenda Kaole kwa bajaji, dereva akinung'unikia mashimo na mimi nikinung'unikia yangu. Mikdad alikuwa barazani na mama yake, Bi Saida, anayesuka ukili. Nilimwamkia, nikaitikiwa marahaba, nikakaribishwa mkeka. Sikukaa. Ningeweza kumwita Mikdad pembeni. Sikutaka. Nilitaka nisikike.

"Umeniletea kadi iliyochoka ukaniambia ni mpya," nikasema.

"Ni mpya, Adila. Boksi tulilifungua pamoja."

"Boksi lolote linafungwa upya. Fundi ameiona. Imekula miaka."

Bi Saida akaacha kusuka. Mikdad alimtazama mama yake kwanza, kisha mimi. Nilidhani ataapa, na nilikuwa nimejiandaa kumjibu akiapa. Hakuapa. Aliingia ndani, akatoka na daftari lake la michoro akaliweka mkekani, mbali kidogo na miguu yangu.

"Picha zilizokwisha zitumie," akasema. "Jina langu litoe. Na uchochoro wa nane tafuta mtu."

Niliondoka bila kulichukua daftari. Njiani nilijiona nimeshinda, na bado najiona hivyo. Mtu mkweli angeapa.

Alhamisi, 23 Aprili

Mvua. Mara tisa.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimejaribu kuchora uchochoro wa nane mwenyewe. Milango yangu inafanana na makabati.

Alhamisi, 30 Aprili

Siku kumi na tano zimebaki. Nimemwandikia Nasrin kuomba muda. Amejibu kwa upole kwamba wana ratiba, kuna michezo mingine mitatu inasubiri, tarehe ni ile ile. Shangazi ameuliza mbona Mikdad haonekani. Nikasema ana kazi. Akanitazama, akaniongezea wali nisioutaka.

Jumatatu, 4 Mei

Mara kumi na moja. Programu inakufa kabla mtoto hajatoka mlangoni kwao.

Ijumaa, 8 Mei

Nitaandika polepole, jambo moja moja.

Bwanausi alikubali kuniazima kadi ya zamani ya dukani kwake, angalau niwe na kitu kinachofunguka tarehe 15. Asubuhi nikaifungua mashine nitoe yetu. Tangu iingie mwezi wa pili sikuwahi kuigusa kwa mkono wangu. Mikdad aliipachika, Bwanausi aliichomoa, mimi kazi yangu ilikuwa kuituhumu. Nikaisukuma feni kwa kidole. Haikuzunguka. Ilisogea kidogo ikanata, na kidole kikanata nayo, kama umeshika kashata iliyopigwa na jua. Chini ya feni, katikati ya vile vyuma vyembamba, kulikuwa na utandu wa kahawia uliochanganyika na vumbi, na ndani ya utandu ule sisimizi, wazima na wafu.

Nikanusa.

Udi wa Shangazi haununuliwi dukani. Anaupika mwenyewe. Anaivisha sukari jikoni mpaka inakuwa kahawia, anatia vibanzi vya udi, marashi na mafuta mazuri, anaukoroga, anaumwaga kwenye sinia upoe. Hakuna arusi hapa mjini wala Kaole isiyofukizwa udi wake. Moshi wake ni mtamu na mzito, unashika nguo wiki nzima. Ndio sifa yake.

Nilikwenda jikoni na kadi mkononi. Sikuuliza kwa adabu. Shangazi alikuwa anakuna nazi, akaendelea kukuna huku ananijibu, macho kwenye mbuzi. Alhamisi alikuwa akifukiza nyumba, na chetezo cha makaa hukitua chini ya meza yangu kwa sababu pale hakipigwi na upepo. Mashine ilipoanza kuzima akaongeza Jumatatu. Mikdad alipoacha kuja akaanza kila siku, nikiingia kuoga. Anaweka chetezo kando ya mashine, anaifunika kanga ili moshi uingie wote, anaisomea Ayatul Kursiyyu mara saba.

"Nilikukataza," nikasema.

"Ulicheka. Hukunikataza." Ndipo akaacha kukuna. "Nilikuona unakonda, Adila. Hayo mambo yako siyajui hata moja. Ninachokijua ni hicho, nikakifanya."

Nilitoka nikakaa uani mvua ikininyeshea. Nilikuwa na hasira hata meno yaliniuma. Kila ilipozima alifukiza, na kila alipofukiza ikazima zaidi. Kisha hasira ikakosa mtu wa kumwangukia, maana nilikumbuka lile joto langu la tarehe 25 Machi. Nyuzi arobaini na moja. Nililipima mchezo ukiwa umefungwa, mashine imekaa haifanyi lolote. Mwanafunzi wangu wa Lugoba angelipima hivyo ningempa sifuri. Nikajivunia nambari ile majuma sita, nikamfunga nayo mdomo fundi aliyetaka kuanza pale pale.

Na ile rangi ya chai. Ile rangi nilimpelekea Mikdad mbele ya mama yake.

Jumamosi, 9 Mei

Tumeisafisha kadi na Bwanausi kwa spiriti, pamba na mswaki. Ilichukua saa tatu. Alipomaliza alifuta mikono akasema kosa la rangi ni lake, alihukumu kabla ya kunusa. Kisha akasema, "Lakini Mwalimu, joto si ulishapima?" Nilistahili.

Mchezo umekwenda saa sita mfululizo. Nyuzi sitini na nane, mchezo ukiwa wazi. Vichochoro saba vyote. Sikuruka wala sikuimba. Nilimwangalia yule mtoto akiamkia kina mama barazani, na kila mlango aliopita ulikuwa wa Mikdad.

Jumapili, 10 Mei

Nimekwenda Kaole. Nilimkuta Mikdad barabarani anasukuma baiskeli, nikashukuru, maana sikutaka kukutana na Bi Saida. Nikamwambia nimekosea, kadi ilikuwa mpya, fundi aliitazama vibaya. Akauliza sasa ilikuwa na nini. Nikasema uchafu. Uchafu gani? Uchafu tu.

Ningemwambiaje? Bi Saida ndiye mteja wa Shangazi tangu sijazaliwa. Neno likifika barazani kwake, kesho yake Kaole nzima inasema udi wa Kibibi unaua mashine, na mwanamke wa miaka sitini na nane anafanywa kichekesho kwa kitu alichokifanya kwa kunipenda. Nilitaka kumsitiri. Nilidhani radhi inaweza kuombwa nusu.

Mikdad alinisikiliza hadi mwisho.

"Kusamehe nimekusamehe," akasema. "Lakini uliniita mwongo mbele ya mama, halafu unaniomba radhi barabarani."

Akapanda baiskeli. Siku tano zimebaki, uchochoro wa nane hauna milango.

Jumatatu, 11 Mei

Mashine inafanya kazi vizuri kabisa. Naichukia.

Jumanne, 12 Mei

Asubuhi Shangazi aliniuliza tena kuhusu Mikdad, na safari hii nilichoka kutunga. Nikamweleza yote, ya barazani na ya barabarani. Shangazi alikitua kikombe cha chai. Kisha akaenda chumbani kwake akarudi amevaa baibui.

"Twende," akasema.

Nikamwambia haina haja, nitatafuta njia nyingine. Akanijibu kwamba sitara ni kitu kizuri, lakini hawezi kusitiriwa kwa nguo ya mtoto wa mwenziwe. Akatangulia kupanda bajaji. Nami nilikaa pembeni yake nikijiona mdogo, mimi niliyekuwa nikimhesabu miongoni mwa vitu vinavyonichelewesha.

Bi Saida alitupokea kama kawaida, hilo nalo liliuma. Maji, mkeka, habari za mvua, habari za afya. Mikdad alikuja akatuamkia, akabaki amesimama mlangoni. Nilianza mimi, maana deni lilikuwa langu. Nilisema mbele ya mama yake kwamba nilimsingizia mwanawe, kwamba kadi ilikuwa mpya kama alivyosema, kwamba nilikuja kwenye baraza ile kumdhalilisha kwa makusudi na nikaondoka nimefurahi. Nilipofika kwenye sababu nikakwama. Shangazi akapokea.

"Ni mimi, Saida. Ile mashine nimeifukiza udi kila siku, na kanga juu. Sukari imeingia ndani ikaganda."

Bi Saida aliuacha ukili mapajani.

"Ule ule ulionipikia arusi ya Wahida wangu?" akauliza.

"Ule ule."

"Ule ulizidisha sukari, Kibibi. Nilinyamaza tu."

Mikdad ndiye aliyeanza kucheka. Alijizuia, akageukia ukuta, mabega yakimtikisika, na mama yake akamwambia aache utovu wa adabu huku naye ameshika mdomo. Shangazi hakucheka. Alikaa wima na heshima yake yote mpaka walipomaliza, ndipo akasema sukari haikuzidi hata chembe, mafuta ndiyo yalikuwa mabovu. Walibishana juu ya hilo hadi adhuhuri, wala hakuna aliyetukumbuka.

Mikdad hakuniambia yamekwisha. Alikwenda kuchukua daftari lake, akafungua uchochoro wa nane, akanionyesha mlango alioumaliza wiki iliyopita. Wiki iliyopita, wakati nimeshamwita mwongo. Nilimuuliza kwa nini aliendelea. Akasema alikuwa ameshauanza.

Kisha akatoa sharti. Jina lake litangulie langu. Nikasema kwa alfabeti mimi ndiye wa kwanza. Akasema anajua.

Ijumaa, 15 Mei

Tumekesha mchana kucha, kama kuna kitu kama hicho, siku tatu zote. Mikdad alimaliza mlango wa mwisho saa nne asubuhi. Misumari ya mlango wa tatu nimeirudisha yote, kila mmoja. Baada ya swala ya Ijumaa tukaufungua mchezo kutoka mwanzo hadi mwisho, vichochoro vinane, mashine ikivuma taratibu, na skrini haikuzima. Ukurasa wa majina unasema Mikdad na Adila, kwa mpangilio huo. Unanikera kila nikiupitia.

Saa kumi kasoro dakika tano tumeutuma. Saa kumi na moja Nasrin akaandika: amemwaga uji mara nne, amekataa kuitwa mkutanoni, na anataka tuzungumze Jumatatu. Hajasema ndiyo.

Nimekaa nikamwandikia barua mwalimu mkuu wa Lugoba. Nimemshukuru kwa subira yake, nikamwomba nafasi yangu ampe mtu mwingine. Mikdad aliisoma nyuma ya bega langu akasema nina wazimu, nisiitume kabla ya Jumatatu kupita, Nasrin anaweza kusema hapana.

Nimeituma.